Tano Tisa Kutoka Rukuba

Tulivuka mpaka tukiwa na redio tatu, madumu mawili ya petroli na ndoa iliyopoa. Ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria kilichotufundisha kusikilizana.

Hebu nikuulize, mpenzi msomaji: umewahi kumwonea wivu mtu wa Finland? Usicheke. Mimi nimewahi. Kwa mwaka mzima mume wangu alikuwa anaamka saa 9 usiku, anavaa hedifoni, anafunga mlango wa stoo na kuanza kuzungumza na watu wa Finland, Brazil na Japani. Asubuhi mezani, chai iko mbele yetu, mtu huyohuyo hana la kusema. "Umelala vizuri?" "Vizuri." "Leo utachelewa?" "Sijui." Basi, mazungumzo yameisha. Dunia nzima inapata sauti yake, mimi napata makombo.

Wenyewe wanauita mchezo wao redio ya ridhaa. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni mtu binafsi mwenye leseni, mtambo wake na antena yake, anarusha sauti hewani na mwingine upande wa pili wa dunia anaidaka. Hakuna intaneti, hakuna vocha, hakuna bili ya mwisho wa mwezi. Kila mmoja ana alama yake ya wito, na ukiisikia unajua ametoka nchi gani: 5Z ni Kenya, 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania. Hawalipwi hata senti, ila wanatumia pesa kama wanaolipwa.

Mimi ni Mtanzania niliyeolewa Nairobi. Kazi yangu ni uhariri, na shahada yangu ni ya mawasiliano. Ndiyo, cheka tu. Mtaalamu wa mawasiliano aliyeshindwa kuwasiliana na mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Basi mwaka 2024 mume wangu akaniambia yeye na marafiki zake wawili wanakwenda Tanzania kwenye shindano. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu, "Kama unataka kuja, njoo." Nikasema nakuja. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimejiwekea kikomo moyoni. Nikirudi Nairobi na ukimya uleule, nahama chumba, na baada ya chumba sikujua nini kingefuata.

Kwa nini Rukuba?

Shindano lenyewe linaitwa CQ World Wide, limekuwepo tangu mwaka 1948, na la sauti hufanyika wikiendi ya mwisho ya Oktoba. Ni saa 48 mfululizo. Kwa saa zetu linaanza saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi na kumalizika saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu. Unaita, unajibiwa, mnabadilishana namba, unaandika, unahamia kwa mwingine. Kila nchi mpya na kila kanda mpya inakuza alama zako. Dunia wameigawa kanda 40, na Kenya, Uganda na Tanzania tuko kanda moja, ya 37.

Mwaka 2024 ulikuwa na utamu wake. Oktoba 15 wanasayansi wa NASA na NOAA walitangaza kwamba jua limefikia kipindi cha kilele katika mzunguko wake wa miaka kama 11. Jua likichangamka, tabaka la juu la anga linarudisha vizuri zaidi mawimbi ya redio duniani. Mtambo mdogo wa wati 100, nguvu ya balbu moja ya zamani, unasikika Tokyo. Wenye mchezo walikuwa kama watoto mkesha wa Idi.

Lakini kwa nini waende nchi nyingine? Kwanza, Nairobi ina kelele. Sizungumzii matatu. Chaja, taa, televisheni na vigeuza umeme vya mtaa mzima vinatoa kelele za redio zinazofunika sauti dhaifu kutoka mbali. Pili, Watanzania hewani ni wachache, hivyo anayeita kwa 5H anagombewa kama sahani ya pilau kwenye harusi.

Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa fizikia ambaye sote tunamwita Mwalimu, alitaka Zanzibar. Ufukwe upo, na visiwa vile vinahesabika katika mpango wa visiwa vya hewani ulioanzishwa Uingereza mwaka 1964. Zanzibar ina namba yake humo, AF-032. Kisiwa cha maji baridi hakina namba. Rukuba, kwa wenye mchezo huo, ni kama hakipo.

Mimi ndiye niliyekitaja. Nilisoma Musoma nikiwa mdogo, na siku za anga safi tulikuwa tunakiona kule ziwani. Wengine wanakiandika Lukuba. Nilikuwa sijawahi kukanyaga. Kwa CQ World Wide kisiwa si kitu, kinachohesabika ni nchi na kanda tu, kwa hiyo hoja ya namba ilikufa palepale. Rafiki wa tatu, fundi mitambo kutoka Kampala, akapiga meza: "Nyabo amesema, twende!" Tangu siku hiyo tukamwita Ssebo.

Barabara ya Sirari

Waliokuwa wanasafiri nje ya nchi ni wao, mimi nilikuwa narudi nyumbani. Tulipita Narok, Kisii na Migori mpaka Isebania, ambako ukivuka uko Sirari. Vibali vya redio vya wageni vinatolewa na TCRA na walikuwa wameviomba mapema, vimewekwa kwenye bahasha ya plastiki kama vyeti vya ndoa. Afisa mmoja kijana akazikagua zile nyaya, akauliza, "Sasa hii inaongea na nani?" Mume wangu akamweleza kwa dakika kumi, mikono inaruka, macho yanang'aa. Nilisimama pembeni nikajiambia, kumbe bado anajua kueleza kitu!

Ukitoka Sirari unapita Tarime yenye vilima vya kijani, unateremka hadi Daraja la Kirumi ambapo Mto Mara unakaribia kumwaga maji yake ziwani, halafu Makutano, halafu Musoma. Mji umetulia juu ya rasi yake, mawe makubwa yamepangana kama yamewekwa kwa mkono. Pale Mwisenge ipo shule ambayo Julius Nyerere alianza darasa la kwanza mwaka 1934. Mwalimu wetu wa fizikia akaomba apigwe picha nje ya geti.

Asubuhi ya Ijumaa tukashuka mwalo wa Mwigobero, tukapakia kwenye boti ya mbao yenye injini, kila mtu na jaketi la kuokolea. Kama saa moja hivi tukafika. Rukuba ni mawe, miti, ndege wa kila aina, na kijiji cha wavuvi chenye dagaa walioanikwa kila mahali. Unasikia Kijita, Kikwaya, Kijaluo, na Kiswahili cha kuwaunganisha wote. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea vizuri, akasoma karatasi zetu moja moja, akatuonyesha kilima cha mawe juu ya mwalo. "Hapo upepo upo, ila na radi ipo," akasema. Wanaume wakaitikia "asante mzee" na kuendelea kufungua mifuko.

Mpaka jioni mlingoti wa mita 10 ulikuwa umesimama, juu yake antena ya pembe sita inayofanana na mwavuli uliopinduliwa na upepo. Watoto wote wa kisiwa walikuwa wamekaa chini wakiangalia. Tukala ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Nilijaribu kuanzisha mazungumzo na mume wangu. Akajibu huku anakaza nati.

Kila mtu anasikika vizuri

Saa 9 usiku wakaanza, na nakiri kwamba hata mimi nilisisimka. Ssebo aliita mara tatu tu, na hapo hewa ikachemka. Watu mia wanaita kwa pamoja kama makondakta wa stendi. Unadaka herufi mbili za mmoja, unazirudia, wengine wananyamaza, anakupa namba zake, unampa zako, asante, anayefuata. Mapigo hayo hayakusimama mpaka jua likatoka upande wa bara.

Nilipewa kazi ya kuandika kwenye kompyuta ili mmoja apate usingizi. Hapo nikagundua jambo. Kila wanayempata wanamwambia "five nine, three seven". Tatu saba ni kanda yetu. Tano tisa je?

"Ni ripoti ya usikivu," Mwalimu akanieleza. "Tano ni kwamba maneno yako yanaeleweka kabisa, mwisho wa kipimo ni tano. Tisa ni nguvu ya sauti, mwisho wake ni tisa."

"Lakini yule Mwajentina mmemwomba arudie alama yake mara nne. Mbona na yeye mmempa tano tisa?"

"Shemeji, kwenye shindano kila mtu ni tano tisa. Ndiyo desturi. Ukianza kusema ukweli utapoteza muda."

Nikaangalia mgongo wa mume wangu, na moyoni nikasema, kumbe ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Umelala vizuri? Vizuri. Uko sawa? Niko sawa. Tano tisa, tano tisa, mwaka mzima.

Mchana wa Jumamosi nikajifunza la pili. Rafiki yao mmoja alikuwa hewani Nairobi, si zaidi ya kilometa 400 kutoka tulipo. Walimtafuta kwenye mita 10 hawakumsikia hata chembe, wakati Wajapani wanaingia kama wako chumba cha pili. Ssebo akanichorea mchangani. Wimbi linapanda angani, linarudi chini mbali sana, na katikati linaacha eneo la kimya. Aliye mbali anakusikia, jirani anarukwa. Hata sheria za mchezo ziko hivyohivyo: ukiongea na bara jingine unapata pointi 3, nchi jirani ya Afrika pointi 1, na mtu wa nchi uliyomo pointi 0.

Sifuri! Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Taa za ziwani

Usiku wa Jumamosi haukuwa na mwezi mpaka saa za usiku wa manane, na usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Kuanzia magharibi mitumbwi ikatoka na taa zake. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za betri zilizochajiwa kwa sola. Dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinawangoja. Kutoka kilimani ziwa lilionekana kama mji.

Saa 6 usiku idadi yao ilikuwa imevuka mawasiliano 1,200. Lengo lilikuwa 3,000. Mwalimu alikuwa anaimba.

Saa 7 hivi upepo ukageuka. Wanaokaa ziwa hili wanajua: usiku pepo kutoka nchi kavu za pande zote zinakutana juu ya maji, hewa yenye unyevu inapanda, na dhoruba inazaliwa humohumo ziwani. Tulikimbilia mlingoti, tukaulaza, tukachomoa nyaya zote. Radi ya kwanza ikapiga tukiwa bado tumeshika kamba. Tukajibanza kwenye hema la vifaa, wanne, magoti yanagusana. Kwa kama saa moja na nusu sikuona kitu isipokuwa mwanga mweupe na uso wa mume wangu.

Mvua ilipopungua nikashuka mwaloni. Wanawake walikuwa wamesimama na vitenge vichwani wanahesabu taa zinazorudi. Kila mtumbwi ulipogusa mchanga kulikuwa na kelele ya furaha, halafu macho yanarudi majini. Saa 10 alfajiri ulikuwa umebaki mmoja, wenye watu wanne.

Mwanamke mmoja wa rika langu, mtoto mgongoni, akanishika mkono. "Dada, ile redio yenu si inaongea na Ulaya?"

"Inaongea."

"Basi mwambieni baba watoto wangu arudi."

Niliishiwa maneno. Nilipaswa kumweleza nini? Kwamba mtambo wetu unafika Japani lakini hauwezi kumfikia mtu aliye ng'ambo ya jiwe lile, kwa sababu yeye hana redio, na simu yake, kama haijalowa, haina mtandao? Nikamwambia tu, "Dada, hatuwezi." Akaniachia mkono taratibu, bila hasira. Hilo ndilo lililoniuma.

Dumu la pili

Mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, alikuwa na boti imara na vijana watatu tayari kutoka. Alichokosa ni petroli. Pale kisiwani inauzwa kwa chupa, na ya dukani ilikuwa imenunuliwa yote jioni ile mitumbwi ikitoka. Akapanda kilimani kwetu mwenyewe, akatusalimia kwanza, akauliza hali zetu na radi ile, ndipo akaomba.

Tulikuwa na dumu moja la lita 20. La kwanza lilikuwa limekwisha kwenye jenereta na boti. Bila lile la pili jenereta inazimika, na jenereta ikizimika shindano limekwisha. Zilikuwa zimebaki karibu saa 23.

Sitaki umwone Mwalimu vibaya. Alichukua likizo bila malipo, alidunduliza kwa miaka miwili, na hewani kulikuwa kunaanza kufunguka upya. Alisema kwa sauti ya chini, "Kukipambazuka watu wa Musoma watakuja na boti. Tuwape nusu?"

"Nusu ni ya kwenda, haitoshi kurudi," Ssebo akajibu.

Kimya. Kisha mume wangu akavua hedifoni, akageuka, akaniangalia usoni. "Wewe unasemaje?"

Mpenzi msomaji, sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa swali hilo. Tulihama nyumba bila kuulizwa hivyo. Gari liliuzwa bila kuulizwa hivyo. Nikasema, "Wapeni lote." Akainama, akabeba dumu mwenyewe begani, akateremka nalo kwenye mawe yenye utelezi. Mwalimu alikaa kidogo ameshika kichwa, halafu akainuka, akachukua tochi yake kubwa na kumfuata ili amulikie njia.

Boti ikaondoka saa 11 alfajiri.

Ripoti ya kweli

Kungoja ni kazi. Tulikaa juu ya jiwe mimi na mume wangu, blanketi moja, redio imezimwa. Hakuna pa kukimbilia. Nikaona, sasa au basi. Nikamwambia, "Leo nipe ripoti. Si tano tisa. Ya kweli. Unanisikiaje?"

Alichukua muda mrefu. "Tatu," akasema. "Nakuelewa nusu. Na nguvu, labda mbili. Unaongea kama mtu aliyekwishaondoka."

Iliniingia kama mwiba, kwa sababu ilikuwa kweli. Nami nikampa yake: moja, na sifuri kama kingekuwepo kipimo hicho. Nikamwambia habari za stoo, za chai, za mtu wa Finland. Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Akaniambia kitu ambacho sikukijua. Usiku wa kwanza kufunga ule mlango ulikuwa wiki moja baada ya msiba wa baba yake. Mimi nilikuwa nimemuuliza, "Uko sawa?" Akajibu "Niko sawa", na mimi nikapokea nikaendelea na kazi zangu. "Kule hewani," akasema, "wanauliza jina na kanda tu. Hakuna anayetaka kujua kwa nini huna furaha. Ilikuwa nafuu."

Kumbe siku ile na mimi nilimpa tano tisa. Nilisikia neno nikaacha sauti.

Sitakudanganya kwamba tulimaliza yote juu ya jiwe lile. Yapo tuliyosema kwa hasira, na yapo tuliyoyaahirisha mpaka Nairobi. Lakini jua lilipotoka tulikuwa bado tunaongea.

Saa 4 asubuhi boti ikaonekana, inavuta mtumbwi nyuma. Injini yao ilizimwa na maji, wakasukumwa mpaka kwenye kijisiwa cha mawe, wakalala wameshikilia jiwe. Wote wanne hai. Nyavu zilipotea, na hiyo ni hasara kubwa kwa mvuvi, usiichukulie poa. Yule dada hakupiga kelele kama wengine. Aliingia majini mpaka magotini na nguo zake, akamshika mumewe shati, akaanza kumgombeza. Alimgombeza mpaka mwaloni. Nikajua ile ni ripoti ya kweli.

Kwa wati 10

Tulibaki na betri moja na paneli ya sola ya kuchajia simu. Ssebo akashusha nguvu ya mtambo kutoka wati 100 hadi 10 na kusimamisha tena mlingoti. Hakuna tena kugombewa. Sasa tulikuwa sisi wa kuita, kurudia, kuomba, na kusikiliza kwa makini. Kila jibu lilikuwa sherehe.

Alasiri yule dada alikuja na sato wawili wamefungwa kwa ukambaa. Akataka kusikia. Kwa sheria asiye na leseni haruhusiwi kurusha sauti kwenye shindano, lakini masikio hayana leseni. Nikamvalisha hedifoni. Mjapani mmoja alikuwa anatujibu.

"Anasemaje?"

"Anasema anatusikia vizuri sana."

Akasikiliza tena, akanikazia macho. "Kweli anatusikia vizuri?"

"Hapana, dada. Anatusikia kidogo tu."

"Basi si aseme!" Tukacheka wote, na Mwalimu alicheka kuliko wote.

Walimaliza na mawasiliano 1,486. Nusu ya lengo. Hesabu ilitumwa kama ilivyo, hawakupata ngao wala cheti cha kutundika. Mwalimu alinuna mpaka Tarime, halafu akaniomba nimwandikie orodha ya vitu vya safari ya kurudi. Safari hii, alisema, tubebe madumu manne, mawili ya jenereta na mawili ya kijiji.

Na sisi? Stoo bado ipo, na mtambo bado upo. Bado anaamka saa 9 usiku, ila mlango anauacha wazi. Kila Jumapili jioni tunapeana ripoti, tarakimu mbili, na tano tisa ya bure hairuhusiwi. Wiki iliyopita nilipata nne sita. Nilikasirika kidogo, kisha nikamuuliza zile nyingine zimepotelea wapi.

Ukitaka kwenda

Ukitokea Kenya pitia Isebania na Sirari, ukiwa na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukitokea Mwanza, njia ni ya Bunda mpaka Musoma. Boti za visiwani ulizia Mwigobero. Nenda asubuhi ziwa likiwa limetulia, na usipande bila jaketi la kuokolea, hata kama wenyeji hawavai.

Ukifika jitambulishe kwa uongozi wa kijiji. Usikurupuke kuogelea, maana ziwa hili lina kichocho na mamba. Beba tochi, koti la mvua, na pesa taslimu. Ukirudi bara tenga siku moja ya Butiama, uone Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999.

Na kama mnakwenda wawili, chagueni usiku wa giza. Kaeni juu ya mawe, simu zizimwe, mhesabu taa za wavuvi zikitoka. Alfajiri mzihesabu tena zikirudi.